Mama Amekuja Kwenye Tela

(Kutoka daftari langu la jalada la bluu, miaka ya tisini mwanzoni, tulipokuwa bado tunazunguka na tela. Naliweka hapa blogini kama lilivyo. Nimerekebisha koma tu, na maneno mawili niliyoyaandika kwa hasira.)

Jumapili. Kinyerezi. Mvua.

Mvua ya masika haina adabu. Imeanza kabla hatujanywa chai, ikapumzika saa nne ikatupa matumaini, kisha ikarudi na ndugu zake wote. Sasa ni jioni, mwanga bado upo, naandika nimekalia ndoo iliyogeuzwa kwa sababu leo ndani ya tela hakuna kitanda. Nitaeleza kitanda kimekwenda wapi.

Kwanza nikiri.

Mama yangu anakaa Temeke, nyumba ileile aliyonizalia. Kutoka hapa mpaka kwake si safari ya kubebea nguo. Na mie nimekaa hapa Kinyerezi siku kumi na mbili bila kumwambia. Yeye alijua niko Chalinze. Mie mwenyewe ndiye niliyemwandikia barua kwamba niko Chalinze, na kwamba Shabani amepanga vyumba viwili, cha kulala na cha wageni, na dirisha linatazama barabara.

Hilo la dirisha lilikuwa kweli. Linatazama barabara yoyote tunayoipenda.

Shabani ni mume wangu, huu mwezi wa tisa tangu tuoane. Alikuwa fundi kiwandani, akapunguzwa kazi pamoja na nusu ya wenzake. Wenzake walifungua maduka, yote yanauza sabuni zilezile kwa watu walewale wasio na kitu. Shabani akanunua Land Rover kuukuu na tela la kulala, yale majumba ya bati yenye magurudumu mawili waliyoyaacha wazungu waliokuja kujenga barabara wakamaliza wakaenda zao. Hesabu yake ilikuwa kwamba siku hizi kila anayepata fedha kidogo ananunua mashine ya kusaga, na hakuna mashine ya kusaga isiyoharibika. Basi anazifuata zilipo. Tabata, Segerea, huku Kinyerezi, halafu Mbagala, halafu Kibaha na kuendelea. Tunalala penye uwanja: misheni, nyuma ya kituo cha mafuta, au kambi kama hii.

Kambi hii ni ya Mzee Mbena, bwana afya mstaafu. Amekata majani chini ya mikorosho, akapanga mawe aliyoyapaka chokaa kugawa viwanja sita, akainua pipa juu ya nguzo za mti na kuzungushia makuti pande tatu, na kibao chake barabarani kinasema kuna bafu. Maji ya moto yapo pia, ukimpa birika mlinzi. Vyoo ni viwili, vya shimo, na sijaona vyoo visafi kama hivi hata kwa watu wenye vigae. Ukutani ameandika masharti kumi na moja. La saba linasema, "Funika. Inzi hajui mlango wa nani." Ana daftari la wageni la kuandika unatoka wapi na unakwenda wapi. Wazungu wawili wa kiwanja cha pili, mume na mke wenye hema juu ya paa la gari lao, wameandika nchi saba. Mie niliandika natoka Temeke, nakwenda Mbagala, kupitia Chalinze. Mzee Mbena alisoma, akanitazama juu ya miwani, akafunika daftari.

Nimewahi kuwaza kumweleza Mama habari za hao wazungu. Kwamba wana nyumba kwao, ya ghorofa, wakaifunga kwa ufunguo wakaja kulala juu ya gari kwa hiari yao, na wanalipia. Nikaona haitanisaidia.

Kwa nini hatukwenda kulala kwa Mama? Mtu wa pwani hawezi kuuliza hilo. Mkwe halali chini ya paa la mama mkwe, na Shabani kwa heshima amezidi; akisikia kikohozi cha Mama uchochoroni anatafuta uchochoro mwingine. Nami nikienda kulala kule peke yangu, kufika adhuhuri mtaa mzima umeshaniachisha. Na tela lenyewe haliingii mtaani kwetu labda likunjwe. Kwa hiyo nikaona uongo mmoja mdogo utawapumzisha watu wote.

Haukumpumzisha mtu.

Leo kama saa sita, mvua imetulia, naosha sufuria nje, nasikia, "Hodi wenyewe!" Mama. Viatu mkononi, buibui limekunjwa hadi karibu na magoti, tope mpaka kwenye vifundo. Nyuma yake mama mkubwa Zuhura, dada yake, ambaye penye ugomvi haalikwi lakini hufika, na hufika amependeza. Juu kule barabarani nikaona pikapu ya kukodi. Dereva alikataa kushuka mteremko kwa sababu ya tope.

Pikapu ilikuwa tupu. Mtu anayekuja kusalimia haji na pikapu tupu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba," Mama akasema, akageuka kutazama mikorosho, pipa, hema la wazungu. "Kumbe hapa ndipo Chalinze."

Nikaweka sufuria chini. Mama mkubwa ndiye aliyenieleza walivyojua. Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu alikuja huku kununua mkaa, akaniona, akarudi Temeke na gunia la mkaa na gunia la habari.

"Kasema unaishi kwenye gari na unakoga kwenye pipa," mama mkubwa akasema.

"Si kwenye pipa, mama mkubwa. Chini ya pipa."

"Haya, ahsante kwa kunisahihisha."

Mama hakucheka. Alisema maneno machache, na nayaandika hapa ili baadaye nisijidai sikuyasikia. "Funga vitu vyako. Sikukuoza ukatembezwe kama mzigo. Ukitaka kubaki, baki, lakini usije ukasema kwa watu una radhi zangu."

Mzazi akishafika kwenye radhi, kwetu, mazungumzo yamekwisha. Kuna wanaotishia hilo kila Ijumaa mpaka likachuja. Mama yangu kabla ya leo hakuwahi kulitaja mbele yangu hata siku moja, hata nilipovunja seti yake ya vikombe. Bila radhi za mama ningekwenda wapi? Ningeendesha mpaka Mbeya, ningefika bila radhi.

Ndipo mvua ikarudi. Si manyunyu, ilimwagwa.

Nikasema, "Ingieni ndani, ingieni!" Mama akapanda kidaraja cha mlangoni, akashika kizingiti, akatia kichwa. Akakirudisha upesi kama aliyechungulia tanuri.

Nilijua alichokiona, na nilijua ni kosa langu. Tela ni chumba kimoja. Ukifungua mlango unakutana na kitanda, huna pa kukikwepea, na leo juu ya mto ulikuwa msuli wa Shabani, umetupwa alivyouvua asubuhi. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake. Akiuona mto wake tu ameshaona kingi.

"Hiki ni chumba cha mkwe wangu," Mama akasema, ameshatazama pembeni.

"Ndiyo nyumba yote, mama."

"Basi nyumba yote ni chumba cha mkwe wangu. Mie mguu wangu sitii."

"Mie si mama mzazi hasa," mama mkubwa akasema, shingo imeshaanza kurefuka. "Naweza kuchungulia kwa niaba."

"Zuhura!"

Wakasimama chini ya turubai la kupikia nililofunga ubavuni mwa tela. Turubai lenyewe lina matundu matatu, na leo yote yalikuwa kazini. Nikamwambia Mama twende kibandani kwa mlinzi, pakavu, kuna benchi. Akanitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka nikiwa mzee. "Binti yangu ana nyumba, mie nikajihifadhi kwa mlinzi?"

Kumbe alikuwa ameshaiita nyumba. Sidhani alijisikia.

Basi tukasimama pale, sie watatu, maji yanaingia shingoni. Buibui la Mama limemganda. Ana miaka yake, na ana kifua. Akakohoa mara mbili. Nikawaza, atapata homa mlangoni kwangu, na mlango uko wazi.

Shabani akatokea Tabata na Land Rover, nyusi nyeupe kwa unga wa mashine. Akateremka, akatuona, akasimama hapohapo alipokanyaga. Akavua kofia. Akamsalimia Mama huku anatazama gurudumu la mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Njema."

Mvua inampiga, yeye analizungumzisha gurudumu. Kisha Mama, aliyekuwa hatua nne tu kutoka kwake, akaniambia mie: "Mwambie mwenzio mvua inanyesha."

"Mwambie mama naiona," Shabani akasema. Akatazama mlango wa tela ulio wazi. Akamtazama Mama aliye nje. Hakuuliza. Hilo nampa, mume wangu hana maneno mengi lakini hahitaji kuchorewa. Akaenda nyuma ya Land Rover akarudi na spana namba kumi na tatu na nyundo.

Kitanda alikifunga yeye mwenyewe kwa bolti nne kwenye sakafu, maana njia ya Kisarawe kiliwahi kuruka kikafuata vyombo. Bolti tatu zilifunguka vizuri. Ya nne ilishika kutu. Tukawa tunasikia nyundo, kimya, nyundo.

"Anavunja nyumba?" mama mkubwa akauliza.

"Anatoa kitanda," nikasema.

Mama aliacha kukohoa, nadhani ili asikie vizuri.

Godoro ndilo lililotangulia, kichwani mwake. Hapakuwa na pa kuliweka. Land Rover imejaa mikanda na gia za mashine za watu, zina grisi. Akaliegemeza kwenye mkorosho, akavua koti lake la mvua akalifunika godoro, yeye akabaki na shati. Koti lilifunika nusu. Mzungu wa kiwanja cha pili akatoka hemani bila kuitwa, akashika upande wa pili wa mbao za kitanda, wakazitoa zote. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni kama tunahama. Nikamwambia hapana, tumepata mgeni. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni jambo lililo wazi kabisa.

Mwisho Shabani akatoa mto na msuli, amevikunja vidogo, amevibana kwapani upande ambao Mama hauoni. Akafagia. Nilimsikia anafagia! Akatandika mkeka. Akatoka, akapita mbali, akaenda kibandani kwa mlinzi akasimama huko.

Mama akapiga Bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akaingia.

Lile tela, bila kitanda, ni kubwa. Sikuwahi kujua. Mama akakaa mkekani mgongo ukutani, nikampa kanga mbili kavu, nikawasha jiko la mafuta ya taa, nikapika chai ya tangawizi. Mama mkubwa hakukaa. Alifungua kila kabati, na tela lina vikabati kumi na tisa, kila kimoja kidogo kuliko kingine. "Hiki cha nini?" Cha chumvi. "Na hiki?" Cha kuwekea ufunguo wa hicho. Mama alikuwa ananitazama mie, hatazami makabati.

"Anakupiga?"

"Hapana, mama."

"Unakula?"

"Nakula mpaka nabakisha."

"Umechoka?"

Nilikuwa na jibu tayari, jibu la kwenye barua. Halikutoka. Nikamwambia nimechoka. Nimechoka kufunga sahani kwa vitambaa kila tunapohama na kuzifungua kila tunapofika. Nimechoka kuoga nikiwa nasikiliza nani anapita. Nimechoka kuwa mgeni wa kila kisima, kujieleza upya kwa kila kundi la wanawake wanaochota maji. Sijamchoka Shabani. Nilisema hivyo, Shabani sijamchoka, na nikaona haya kulisema mbele ya mama mkubwa, ambaye aliacha kabati wazi ili asikie vizuri.

"Utakaa hivi mpaka lini?"

Hilo sikuwahi kuulizwa. Wala mie sikuwahi kumuuliza Shabani. Tulifunga tela kwenye gari tukaondoka tu.

Mama akanywa chai yake yote. Kisha akagonga dirisha, na Shabani akaja mbio kutoka kibandani, akasimama nje ya dirisha ametupa mgongo.

"Mwambie mwenzio," Mama akaniambia, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye Segerea, "nyumba ya mwanangu lazima iwe na mahali pa kukaa mie bila kuona mto wa mtu."

"Mwambie mama nitatia ukuta wa mbao. Wiki hii."

"Mwambie si pazia."

"Mwambie mama si pazia. Ukuta, na mlango wake, na komeo."

"Mwambie kule kwetu nimeshawaambia watu vyumba viwili. Siwezi kurudi kusema kimoja."

Shabani akajifuta maji usoni. Habari za vyumba viwili alikuwa anazisikia leo kwa mara ya kwanza. "Mwambie mama," akasema polepole, "vitakuwa viwili."

Mie katikati sikuwa nimefungua kinywa. Kila mmoja alimsikia mwenzake barabara. Walichohitaji ni kitu cha kukaa kati yao, na kwa leo ukuta nilikuwa mie.

Mvua ilipopungua, Mama akasimama. Mlangoni akaniwekea kiganja kichwani, akasema alilosema, taratibu, mama mkubwa akaitikia amina. Radhi ninazo. Kisha Mama akaongeza, sasa kwa sauti yake ya kila siku, "Chalinze ni mbali, mwanangu. Ukiwa karibu, sema uko karibu."

Hilo ndilo lote alilolisema kuhusu uongo wangu. Ningependa angesema zaidi. Angepiga kelele, ningejua limekwisha.

Walipanda mteremko wameshikana mikono, viatu mkononi. Tulidhani wameondoka. Mara dereva akashuka kwa miguu, amekunja suruali, ana uso wa mtu aliyetumwa kitu asichokiamini. Mama kasema apewe godoro.

"Godoro?" Shabani akauliza.

"Kasema limelowa, mtalilalia mtaumwa. Atalikausha kwake uani. Kasema binti alifuate mwenyewe likikauka, aje mchana, kila mtu amwone."

Shabani na dereva wakalibeba mpaka juu. Pikapu iliyokuja kunichukua mie imekwenda Temeke na godoro letu, mama mkubwa Zuhura amelitandaza vizuri kwa nyuma kama mahari.

Sasa Shabani yuko sakafuni na kamba na kipande cha chaki, anapima ukuta utapita wapi. Chumba cha wageni kimekuwa kikubwa kuliko chetu. Nimemwambia. Ananiuliza kwani wageni wenyewe sikuwaona. Kitanda amekubali kukirudisha, mbao tupu, tutatandika mkeka na kanga zote nilizonazo. Mzee Mbena amepita na mwavuli kukagua. Kaona alama za chaki, kauliza kama tunajenga, kasema kwenye daftari lake hana safu ya hilo.

Nami bado niko na lile swali. Mpaka lini.

Nimelizungusha tangu walipoondoka. Sitaki kurudi Temeke, hilo nimeliona leo, nilipoiona pikapu moyo ulikataa kabla kichwa hakijafikiri. Lakini sitaki pia kuzeeka nikiomba maji kwenye visima vya watu. Nikitazama vizuri, ninachokitaka hakizidi kiwanja kidogo, Mbagala au hata huku, tela liegeshwe humo, Shabani aende kwenye mashine zake na Land Rover tupu na kurudi. Choo chetu wenyewe, kwa masharti ya Mzee Mbena. Kisima ambacho wengine ndio watakuja kujieleza kwangu. Nampa mpaka masika yajayo.

Naogopa atakataa. Naogopa zaidi atakubali haraka, nigundue na yeye alikuwa amechoka zamani, akangoja mie niseme.

Nitamwambia kesho asubuhi, kabla hajawasha gari. Likishawaka, hasikii kitu.